Mficha Maradhi na Mficha Kosa

Wahenga walinena: mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii tumeirithi, na kila tunapoitumia tunamlenga mtu mmoja tu, naye ni mgonjwa. Yeye ndiye tunayemwonya asione haya, aseme mapema panapomuuma, amfunulie tabibu siri ya mwili wake kabla siri hiyo haijajifunua yenyewe. Sijapata kumsikia mtu akiigeuza methali hiyo na kumwelekezea tabibu. Lakini historia ya tiba, kwa muda wa takriban karne mbili, inatuonyesha kwamba tabibu naye ana lake la kuficha, na kwamba waliouawa na siri hiyo hawahesabiki.

Makala haya yanakusudia kusimulia kwa ufupi jinsi siri hiyo ilivyofunuliwa: kwanza na watu wachache walioadhibiwa kwa kuifunua, kisha na mataifa yaliyokubaliana kwamba kosa la hospitali moja ni somo kwa hospitali zote. Ni habari inayopita Vienna, Boston na Geneva, ikafika Bamako na Ifakara, na hatimaye inatugonga mlangoni.

Tuanzie Vienna, mwaka 1847. Hospitali kuu ya mji huo ilikuwa na wodi mbili za uzazi. Ya kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao. Ya pili ilikuwa ya wakunga. Wanawake walipokewa kwa zamu, siku hii wodi hii, siku ile wodi ile, na mji mzima ulijua siku ipi ni ya heri na ipi ni ya shari, kwani homa ya uzazi iliua katika wodi ya madaktari zaidi ya mara mbili kuliko katika ile ya wakunga. Walikuwapo waliopiga magoti wakilia wasipelekwe wodi ya kwanza, na wengine waliona heri wajifungulie njiani.

Daktari kijana kutoka Hungaria, Ignaz Semmelweis, aliikosea usingizi habari hiyo. Mwezi wa Machi mwaka huohuo rafiki yake, Jakob Kolletschka, alijeruhiwa kidole kwa kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti, akafa kwa dalili zilezile zilizowaua akina mama. Hapo Semmelweis akang'amua. Madaktari walikuwa wakitoka moja kwa moja kwenye chumba cha maiti wakaenda kuzalisha, ilhali wakunga hawakuwa wakipasua maiti. Akaamuru kila mtu anawe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kumgusa mzazi. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa wanawake 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni walikufa wawili tu.

Mtu angedhani mji ungemvika taji. Haukumvika. Kukubali kwake kulimaanisha kukubali kwamba mikono ya mabingwa ndiyo iliyokuwa ikiua, na mabingwa hawakuwa tayari kwa hilo. Semmelweis mwenyewe alikiri kwa maandishi kwamba naye, kwa kuwa alipasua maiti wengi, alikuwa miongoni mwa waliowaua wagonjwa wao. Wenzake hawakumfuata katika kukiri huko. Alifariki mwaka 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili, kwa jeraha lililooza, akiuawa na uchafu uleule alioupiga vita.

Wa pili alikuwa Ernest Amory Codman, daktari wa upasuaji wa Boston. Huyu alikuwa na wazo jepesi kulisema na zito kulibeba: kila mgonjwa aandikiwe kadi, afuatwe baada ya kuondoka hospitalini, ijulikane kama alipona, na kama hakupona, ijulikane kwa nini. Alipoona hospitali aliyokuwamo haimsikii, alifungua yake ndogo mwaka 1911. Kati ya wagonjwa 337 walioruhusiwa kutoka humo hadi mwaka 1916, aliandika makosa 123, akayachapisha na kuyatangaza kwa jina lake, akawataka wenzake nao watoe yao. Hakuna aliyetoa. Mnamo Januari 1915 aliwaonyesha madaktari wa mji wake picha ya katuni: mbuni amefukia kichwa mchangani, anataga mayai ya dhahabu huku wakubwa wa hospitali wakijiuliza kama mbuni huyo ataendelea kutaga iwapo atainua kichwa na kuona ukweli. Kwa katuni hiyo alipoteza wadhifa na marafiki. Alifariki mwaka 1940, na kaburi lake lilikaa bila jiwe la jina hadi mwaka 2014.

Kwa nini kimya kilikuwa kikubwa kiasi hicho? Sababu ya kwanza ni haya. Tabibu hufundishwa kwamba hodari hakosei, kwa hiyo akikosea hujiona si hodari, naye hukaa kimya. Ya pili ni hofu ya mahakama. Ya tatu, nayo ndiyo nzito, ni heshima tunayowapa wao: mdogo hamsahihishi mkubwa. Muuguzi huona mkono wa bingwa ukienda penye mguu usiohusika, akameza mate. Jambo hili si la taifa moja. Limeandikwa habari zake London, limeandikwa Chicago, na sidhani kuna kisiwa kilichosalimika nalo.

Dawa ya kimya hicho ilianza kupatikana nje ya tiba. Mwaka 1935, huko Dayton, Marekani, ndege mpya ya kijeshi iliyotengenezwa na Boeing ilianguka mara tu iliporuka. Aliyeiendesha alikuwa rubani mzoefu. Alisahau kufungua kizuizi kimoja kidogo. Waliobaki hawakusema rubani alikuwa mjinga. Walisema ndege imekuwa na mambo mengi kupita kumbukumbu ya mtu mmoja, wakaandika orodha fupi ya kusomwa kabla ya kuruka. Tangu mwaka 1976 marubani wa Marekani wakawa na njia ya kuripoti makosa na hatari kwa shirika la NASA bila ya ripoti hizo kutumiwa kuwaadhibu. Hivyo kosa la rubani mmoja likawa onyo kwa marubani wote. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa zaidi. Nahodha aliyekwaruza mwamba akanyamaza, huwaachia wenziwe mwamba uleule.

Tiba ilichelewa. Ilipofika mwaka 1999, Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa taarifa iliyosema kwamba watu kati ya 44,000 na 98,000 hufa kila mwaka katika hospitali za nchi hiyo kwa makosa ya tiba yenyewe. Mwaka 2000 Uingereza nayo ikatoa yake, chini ya mganga mkuu wa serikali, Liam Donaldson. Katika taarifa hiyo mlikuwa na habari moja inayostahili kukumbukwa. Tangu mwaka 1985, wagonjwa wasiopungua 13 walikuwa wamekufa au kupooza kwa kuchomwa katika uti wa mgongo dawa isiyopaswa kuchomwa hapo. Kosa lilikuwa moja, likarudiwa katika hospitali hii na ile, na kila mara lilipotokea lilionekana kama jipya, kwa kuwa lililotangulia lilifichwa au lilisahauliwa. Waswahili tunasema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Lakini mtu atajizuiaje kurudia kosa ambalo hakuambiwa kwamba lilishatendwa?

Hilo ndilo swali lililozaa ushirikiano wa mataifa. Mwezi wa Mei 2002, Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama zitilie maanani usalama wa wagonjwa. Mwezi wa Oktoba 2004 ukazinduliwa Muungano wa Dunia kwa Usalama wa Wagonjwa, mwenyekiti wake akiwa Donaldson yuleyule. Kwa mara ya kwanza nchi tajiri na nchi maskini zilikaa kwenye jamvi moja, na mwenye hospitali za ghorofa kumi akakiri mbele ya mwenye zahanati ya mabati kwamba kwake pia wagonjwa huumizwa.

Kazi ya kwanza ya Muungano huo, mwaka 2005, ilikuwa ni mikono. Miaka 158 baada ya Semmelweis, mikono! Aliyeiongoza alikuwa Didier Pittet, daktari wa Geneva, ambaye alikuwa ameona katika hospitali yake kwamba wauguzi hawanawi si kwa ukaidi bali kwa kukosa wakati, kwani bomba liko mbali na wagonjwa ni wengi. Akaweka kando ya kitanda dawa ya kusugulia mikono iliyotengenezwa kwa spiriti, na maambukizi yakapungua. Muungano ukaitoa kanuni ya kuichanganya dawa hiyo bure kwa ulimwengu mzima, ili kila nchi ijitengenezee. Katika hospitali moja ya Bamako, Mali, wakaitengeneza kwa spiriti ya miwa ya nchini humo. Kabla ya hapo wahudumu walisafisha mikono mara 8 tu katika kila mara 100 walizopaswa. Baadaye wakafikia karibu mara 22. Idadi hiyo bado ni ndogo, na waliofanya utafiti huo hawakuificha. Waliiandika, wakaichapisha mwaka 2010.

Mwaka 2007 ukatolewa waraka wa masuluhisho tisa. Moja lilihusu dawa zenye majina yanayofanana. Jingine lilihusu watu wenye majina yanayofanana, na hapa naomba msomaji atue kidogo. Visiwani kwetu mtoto huitwa kwa jina lake, la babake na la babuye, na majina yenyewe ni yale tunayoyapenda sote. Si ajabu wodi moja ikawa na akina Fatma Ali Juma wawili. Isitoshe, tumelelewa kwa adabu ya kuitika. Mwanamke akiitwa, hata kama jina hakulisikia vyema, huitika "labeka". Muuguzi akimuuliza mgonjwa mwenye homa, "Wewe ndiye Fatma?" atajibiwa "naam", awe ndiye asiwe ndiye. Basi suluhisho lilisema: usimtajie mgonjwa jina lake, mwache alitaje mwenyewe, kisha hakikisha kwa jambo la pili, kama vile tarehe ya kuzaliwa. Ni jambo dogo mno. Lakini mdharau mwiba, mguu huota tende.

Kisha ikaja habari ya upasuaji, nayo ndiyo inayotufikisha Ifakara. Muungano ulimwita Atul Gawande, daktari wa upasuaji wa Boston, aongoze jopo la wataalamu kutoka nchi mbalimbali. Wakaandika orodha ya mambo 19, ya kusomwa kwa sauti katika vituo vitatu. Kituo cha kwanza ni kabla ya nusukaputi: mgonjwa ataje jina lake na aseme anapasuliwa nini na upande upi, iulizwe kama ana dawa inayomdhuru, kifaa cha kupimia oksijeni kibanwe kidoleni. Cha pili ni kabla ya kisu kugusa ngozi: kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake, iulizwe kama dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita. Cha tatu ni kabla ya mgonjwa kutolewa: vyombo na vitambaa vihesabiwe, kisisahauliwe kimoja ndani ya mwili.

Orodha hiyo ilijaribiwa kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008 katika hospitali nane: Toronto, Seattle, London, Auckland, Amman, New Delhi, Manila na Ifakara. Ifakara, mji wa bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, ambao wasafiri wengi hawaupiti ila wakiwa na haja nao, ulisimama safu moja na London. Na safu hiyo haikuwa ya mwalimu na mwanafunzi. Hospitali zote nane zilihesabiwa makosa yao kwa kipimo kimoja, wagonjwa 3,733 kabla ya orodha na 3,955 baada yake. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Waliokufa walipungua kutoka 1.5 hadi 0.8 katika kila 100. Waliopatwa na madhara walipungua kutoka 11 hadi 7. Katika hospitali za nchi zenye kipato kidogo vifo vilishuka kutoka 2.1 hadi 1. Madhara yalipungua kwa matajiri na kwa maskini pia, na hilo lilikuwa jibu kwa kila aliyedhani kwamba makosa ni ugonjwa wa umaskini.

Mabingwa wengi waliiona orodha hiyo kama tusi. Mtu aliyepasua kwa miaka 30 asomewe karatasi kama mtoto wa chuoni? Wapenzi wa ushairi watalijua jibu lake. Malenga anayehesabu mizani kwa vidole hahesabu kwa sababu hajui lugha. Anahesabu kwa sababu anaijua, naye amekwisha kuona jinsi sikio hodari linavyochoka na kupitisha mshororo wenye mizani saba mahali pa nane. Bahari humlinda mtunzi na uchovu wake mwenyewe. Orodha humlinda mgonjwa na uchovu wa bingwa. Nao mabingwa hao walipoulizwa kama wangependa itumike iwapo wao wenyewe ndio watakaolala mezani, 93 katika kila 100 walisema ndiyo.

Hata hivyo karatasi peke yake haina baraka. Jimbo la Ontario, Kanada, liliamuru hospitali zake zote ziitumie orodha, na utafiti wa hospitali 101 uliochapishwa mwaka 2014 haukuona vifo kupungua kwa kiasi cha kutajika. Wengi waliolitafakari jambo hilo walisema kuwa mahali pengine visanduku vilitiwa alama huku hakuna aliyefungua kinywa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye kiini cha historia yote hii. Kilichookoa watu Ifakara na kwingineko si ule wino. Ni kule kumtaka muuguzi mdogo ataje jina lake mbele ya bingwa kabla ya kazi kuanza, kwani aliyekwisha kusikika sauti yake mara moja huthubutu kuitoa tena anapoona mkono unakwenda kombo.

Kwetu sisi hesabu ilianza kufanyika waziwazi mwaka 2012, ulipochapishwa utafiti wa hospitali 26 katika nchi nane za Afrika na mashariki ya kati, zikiwamo jirani zetu Kenya, Sudan na Yemen. Yalisomwa majalada ya wagonjwa 15,548. Katika kila 100, wanane walikuwa wamedhuriwa na huduma yenyewe. Na katika madhara hayo, 83 kwa kila 100 yangeweza kuepukwa. Hizo ni nchi zilizokubali kufungua makabati yao zikijua kitakachoonekana si kizuri. Naziheshimu kwa hilo. Mwaka 2019 mataifa yalikubaliana kuwa tarehe 17 Septemba ya kila mwaka iwe siku ya usalama wa wagonjwa duniani, na mwaka 2021 yakajiwekea mpango wa miaka kumi.

Je, vita vimekwisha? Mwaka 2022, katika jimbo la Tennessee, Marekani, mahakama ilimtia hatiani muuguzi aliyempa mgonjwa dawa siyo, mgonjwa akafa. Muuguzi huyo hakuwa amelificha kosa lake. Alisema alichokitenda tangu mwanzo. Hukumu yake ilikuwa kifungo cha nje cha miaka mitatu, nayo iliwatikisa wauguzi wa nchi nzima. Wengine walisema, na wana hoja, kwamba maiti ana haki yake na jamaa zake wana haki yao. Wengine walisema, nao wana hoja, kwamba muuguzi ajaye atakapokosea atakumbuka hukumu ile, kisha atanyamaza. Mizani ya mambo hayo mawili hakuna taifa lililokwisha kuipata sawasawa. Ila tunajua kilichotokea Vienna na Boston waliposhinda wenye kunyamaza.

Nasi tusijitoe. Heshima tunayompa daktari ni njema, lakini heshima inayomziba mtu kinywa si ya kumfaa daktari wala mgonjwa. Muuguzi akikuuliza jina lako mara ya tatu, usikunje uso ukadhani hakusikiliza, anakulinda. Mama yako akilazwa, nawe ukaona mkono unamwendea bila kusafishwa, uliza kwa upole, "Samahani daktari, umeshanawa?" Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na hapa huenda asiwe na wa kumuuguza tena. Na tabibu akija kwako ameinamisha kichwa, akasema, "Tumekosea, na hivi ndivyo ilivyokuwa," basi, kwa uchungu wote utakaokuwa nao, jua kwamba amefanya jambo ambalo wakubwa wa Vienna hawakuliweza. Mdai haki yako, lakini usimfunze kuficha.